Kadi ya Sauti Inafika Tarehe Ishirini na Mbili

Mpendwa Bi Mwanajuma, shikamoo. Naomba msaada katika jambo la kompyuta, najua safu yako ni ya ndoa na familia lakini mafundi wamenichanganya na nimeona wewe humsikiliza mtu mpaka mwisho. Naitwa Masanja, nina miaka arobaini na mbili, nafanya kazi masjala katika ofisi moja hapa Kibaha, nimejenga Mbwawa, naishi na mke wangu Asteria na hatuna ugomvi wowote isipokuwa huu ninaotaka kukueleza.

Swali langu ni hili, je, kadi za sauti za kompyuta bado zina maisha mbele, na mwenye ya zamani abadilishe au asubiri? Kompyuta yangu ya mezani ilitoka kiwandani na sauti yake ndani, mwaka juzi nikapachika kadi nyingine ya sauti kwa sababu niliambiwa ile ya kiwandani ni ya watu wasiojali, sasa fundi Hashiru wa hapa Maili Moja anasema kadi za kupachika ndani zinakufa, wanaojua wananunua kisanduku cha nje cha kuchomeka kwa waya, na fundi mwingine anasema nisinunue chochote kwa kuwa kompyuta zijazo zitakuwa na sauti safi kupita zote hizo, kwa hiyo nimebaki katikati.

Ninachotaka kurekodi ni mama. Anaitwa Kwandu, ana miaka sabini na moja, alikuwa mkunga wa zahanati huko Kisarawe na ndiko anakoishi, njia ya Maneromango. Mwezi uliopita alikaa kwetu wiki mbili kwa ajili ya vipimo vya koo, na dada yangu Aneth aliyeolewa Geita, ambaye ana mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa, akaniomba nimrekodi mama akimwimbia mtoto na akisimulia siku Aneth alipozaliwa, kwa maana mama alishikwa na uchungu akiwa zamu, akamzalisha kwanza mwanamke mwingine ndipo akapanda kitandani yeye. Basi nikamkalisha mbele ya maiki akasimulia vizuri kabisa, lakini niliposikiliza kwa hedifoni nikasikia mvumo, nikamwambia mama rudia, akauliza mvumo uko wapi, mbona hausikiki, nikamwambia uko ndani. Akarudia. Mvumo ukawepo. Mara ya tatu alisimulia kama anasoma tangazo la mkutano, alipomaliza akasema, "Masanja, haya maneno sasa yameisha utamu," akaenda kulala, na kesho yake akarudi Kisarawe.

Sasa Hashiru ameniagizia kisanduku kizuri sana, wenyewe tunakiita kadi vilevile, kinafika tarehe ishirini na mbili, na operesheni ya mama ni tarehe kumi na tisa, daktari amesema wataondoa sanduku lote la sauti lililoko kooni, kwa hiyo muda umebana kidogo. Asteria anasema niende nikamrekodi kwa simu, mimi nikamweleza kwamba simu inabana sauti, akasema mimi ndiye ninayebana, na tangu Jumapili tunasalimiana tu. Nishauri, ninunue hiki, nisubiri kitakachotoka baadaye, au nibadilishe mashine nzima?

Masanja, Mbwawa, Kibaha

*

Marahaba, mwanangu Masanja.

Barua yako ilinifikia Ijumaa ya tarehe kumi na tano nikiwa nakula. Niliacha chakula nikakupigia simu, kwa sababu gazeti hili lingekufikia mama yako akiwa ameshatoka chumba cha upasuaji. Wasomaji hawakutusikia, kwa hiyo nawaeleza tulichoongea, nawe umeniruhusu.

Katika barua nzima operesheni umeitaja mara moja, tena ukaibana kati ya kadi na simu. Nilikuuliza, "Mama ataongea tena baada ya hapo?"

Ukasema, "Kuna vifaa siku hizi, mtu anaweka shingoni..."

"Sikuuliza vifaa."

Nilisikia mwenzako ofisini akigonga mihuri. Mwisho ukasema, "Sauti hii aliyonayo, hapana."

"Na zile rekodi tatu ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Kwa sababu ya mvumo?"

"Kwa sababu ya mvumo," ukasema. Halafu ukasema taratibu, "Nilikuwa nikivaa hedifoni, Bi Mwanajuma, nikafumba macho, namsikia kama mtu ambaye hayupo tena. Wakati yupo sebuleni anakunywa chai."

Hapo nilikuelewa, na nilikuonea huruma, lakini sikukubembeleza. Nilikwambia unaogopa kumaliza, kwa sababu rekodi ikiwa nzuri hutakuwa na kingine cha kufanya zaidi ya kumpeleka mama hospitali. Mtu mzima unajificha nyuma ya kadi! Nikakuagiza uende Kisarawe kesho yake, uende na Asteria, umwombe radhi njiani.

Na kwa kuwa uliuliza, swali la kadi nalo lijibiwe. Nilimuuliza Husseini, anayerekodi kwaya na kaswida mtaani kwetu. Anasema sauti ya kiwandani siku hizi inamtosha mtu wa kawaida, kadi za kupachika ndani zimebaki za wachache wenye kazi maalumu, na kisanduku cha nje kina faida kwa anayerekodi kwa maiki kila wiki. Kungoja kitakachotoka baadaye ni kungoja maisha yako yote, maana kila mwaka kinatoka kingine. Kuhusu mvumo alicheka. Mara nyingi ni umeme wa nyumba au chaja. Tumia laptopu, chomoa chaja, weka maiki karibu na mdomo, zima friji. Hilo tu.

Jumamosi mlikwenda. Ulinipigia jioni kunieleza yaliyotokea, na mpaka leo nayafikiria. Mama alikataa. Alisema ameshasimulia mara tatu, asiyesikia akapimwe masikio. Ukamwambia, "Mama, nilizifuta."

"Zote?"

"Zote."

"Basi wewe mtoto ni mjinga," akasema, na Asteria alikuwa ameshabonyeza simu irekodi, kwa hiyo rekodi inaanza na maneno hayo. Halafu alisimulia zamu ile, na safari hii akaongeza jambo ambalo hamkuwahi kulisikia. Alisema alipopanda kitandani aliogopa sana, yeye aliyekuwa akiwaambia wenzake wasiogope, na yule mwanamke aliyezalishwa na mama muda mfupi kabla, kitoto kikiwa kifuani, ndiye aliyenyoosha mkono akamshika mpaka mwisho. Jina la mwanamke huyo lilikuwa Aneth. Akaimba wimbo wa mtoto, akakohoa katikati, akauanza upya. Jogoo yumo, na jirani anayetwanga yumo. Dakika thelathini na nane.

Operesheni ilikwenda salama, mama yuko kwako Mbwawa anauguza kidonda. Juzi umenipigia tena kusema kisanduku cha Hashiru kimefika, uchukue au usichukue. Masanja, usichukue. Mwambie Hashiru ampe anayerekodi kwaya.

Sasa nisikilize vizuri. Rekodi hiyo iwe sehemu tatu, kwenye kompyuta, kwa Aneth Geita, na kwenye kidude kingine ambacho Asteria atakiweka mahali asipokwambia. Usiguse programu ya kusafisha sauti. Usimwondoe jogoo, usiondoe kikohozi, na neno mjinga liache mwanzoni hapohapo, mjukuu aje ajue bibi yake alivyokuwa anaongea na watu.

Na umesema mama ananuna. Amepewa daftari na kalamu, akianza kuandika wewe unachungulia na kulimalizia neno, "Maji? Unataka maji?", kumbe alikuwa anaandika habari nyingine kabisa, naye analifunga daftari. Hilo ndilo tatizo ulilopaswa kuniandikia. Kaa chini. Akiandika, nyamaza, hata ikichukua dakika tano, hata kama umeshajua neno linalokuja. Ngoja aweke kalamu chini, usome mpaka mwisho, ndipo ujibu.