Sakafu ya Wageni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini kwako, zikukute mzima wa mwili na wa akili. Mimi mdogo wako sijambo, ila mgongo unaniuma, na sababu yake utaijua ukiendelea kusoma. Mama naye hajambo. Nakuomba ulishike neno hilo, kwamba mama hajambo.

Kila ukipiga simu unaniuliza sakafu inaendeleaje, na mama humuulizii. Basi nianze na hiyo sakafu yako.

Unajua kwamba tangu macho yake yazimike, mama amekuwa akiijua nyumba hii kwa nyayo. Akikanyaga zulia, yuko sebuleni. Akikanyaga vigae vya baridi, yuko kwenye korido ya choo. Mpira uliotandikwa jikoni ukimnata miguuni, anajua jiko liko mkono wa kushoto. Alikuwa akizunguka peke yake siku nzima, na akinifokea nikisogeza kiti. Haya yote nilikueleza kabla fundi hajaja kutandika hizo mbao zako. Ukaniita Kasuku, kama ulivyoniita tangu utotoni, ukaniambia nifunge domo, kwa kuwa wakwe zako watarajiwa hawawezi kupokelewa juu ya zulia lililochakaa.

Fundi naye alikushauri vizuri. Alisema vigae na mpira ulioshika vinaweza kufunikwa, lakini zulia litolewe, maana mbao ngumu hazitulii juu ya kitu kinachobonyea. Ukamjibu kwamba muda hakuna, afunike kila kitu kama kilivyo. Akafunika. Sakafu ikapanda, ikabidi milango yote ikatwe kwa chini. Wa chumba cha mama ulimwambia aupunguze kidogo tu, wageni hawaingii humo. Matokeo yake ukifungwa unanasa, na haufunguki mpaka mtu mwenye nguvu auinue kwa bega.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sakafu ilipendeza, iling'aa. Lakini kwa mama nyumba nzima ikawa chumba kimoja. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama katikati ya sebule, mikono mbele, akaniuliza kwa aibu hapa ni wapi. Kesho yake alijisaidia nyuma ya kochi, akidhani amefika chooni. Nilipokuwa nikipangusa, aliniuliza kama kuna mtu mwingine ameona. Nikasema hakuna. Kaka, nililia, na siku hiyo nilikuchukia.

Jumamosi ukaja na wakwe zako. Ulininong'oneza kwamba mama akae chumbani mpaka waondoke, wasije wakasema upofu ni wa ukoo wakakunyima binti yao. Nilikubali kwa sababu nilitaka uoe. Wewe mwenyewe ndiye uliyeuvuta ule mlango. Mimi nikaenda jikoni kukamua machungwa. Nilisikia mama akigonga mara moja, kisha kimya, nikadhani amelala.

Hakuwa amelala. Siku kadhaa baadaye aliniita nikae karibu naye, akanieleza. Alikuwa ameweka sikio mlangoni ili azisikie sauti za wageni. Badala yake alikusikia wewe, ukiwaonyesha wageni kiti chake cha dirishani, ukisema pale ndipo marehemu mama alipopenda kukaa. Mama mkwe wako akakupa pole. Ukaipokea, ukashukuru.

Mama hakulia. Aliniambia nimwite fundi. Fundi alikuja na mtaimbo, akaisikitikia kazi yake, kisha akang'oa mbao kutoka mlango wa mama hadi chooni, na kutoka huko hadi jikoni, upana wa kumtosha mtu mmoja. Nilizibeba mimi kuzipeleka nje, na huo mgongo ndio matunda yake. Sasa zulia, vigae na mpira vimeonekana tena, na mama anapita humo katikati ya mbao zako kama maji mferejini. Mlango wake tumeuondoa kabisa. Zile mbao tunazipikia. Zinawaka vizuri.

Kisha akaniagiza nimpigie simu mama mkwe wako, aje peke yake. Alikuja jana. Mama alitembea mwenyewe mpaka mlango wa nje, akamkaribisha, akajitambulisha kwamba yeye ndiye yule marehemu. Mgeni aliitua juisi yake mezani bila kuinywa. Habari ya macho haikumshtua hata kidogo. Alisema bibi yake mzaa mama alikufa kipofu, amewalea wote, na kwao jambo hilo halijawahi kumzuia mtu kuoa wala kuolewa. Umesikia, kaka? Wangekukubali hivyo hivyo, na mama yako kando yako. Alichouliza ni kimoja tu, kama baba yetu naye alikufa kweli. Nikamwambia huyo alikufa kweli. Akasema anashukuru kujua, na kwamba usijisumbue tena kwenda kwao.

Nikomee hapo, mama anataka chakula na moto umeshika. Wasalimie wenzako wa kazini. Nilimuuliza mama kama ana salamu za kukutumia. Amesema aliyekufa hasalimu mtu, ila pole ya msiba anakupa.

Mimi mdogo wako,
Kasuku