Sauti ya Binti Yangu Ndani ya Mkebe wa Rangi

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu halafu unisikilize, maana jambo hili limenikaa kooni. Mimi ni fundi wa kuchomelea, wananiita Mzee Geti, na ukipita mtaa wetu kuanzia juu mpaka chini mageti yote yanayofunga bila kulia ni ya mkono wangu, yanayolia ni ya watu wengine, sijisifu nasema ukweli. Shule niliiacha mapema lakini herufi nazijua, nazikata kwa chuma, nimeandika KARIBU na MBWA MKALI kwenye milango ya watu wenye digrii na hakuna aliyerudi kusema nimekosea, na barua hii naandika mwenyewe, usije ukadhani nimeandikiwa.

Nina mtoto mmoja tu, wa kike, ameolewa mji wa mbali. Mama yake alishatangulia mbele ya haki. Binti huyu kila asubuhi alikuwa ananitumia sauti kwenye simu, hapigi, anarekodi anatuma, ananisalimu, ananiuliza kama nimekula, ananitania, nami namtumia picha ya geti jipya nililomaliza, kupiga picha naweza sana. Sasa masikio yangu yameliwa na mashine ya kukatia chuma, kwa hiyo nikabuni ufundi wangu, nikatundika mkebe mtupu wa rangi kwenye msumari pale karakana, natumbukiza simu ndani, sauti inatoka nene kama ya redio. Hakuna aliyenifundisha. Watu wakawa wanakuja kusikiliza, fundi cherehani wa mlango wa pili anaacha kushona, wateja wanasogea, nami nawauliza mnasikia mtoto anavyomsalimu baba yake, wenu wanawatumia nini.

Siku hiyo alikuwepo mjomba wa mkwe wangu, ameleta bawaba ya geti lake imekatika, nimeshaichomelea inapoa. Nikamwambia kaa hapo usikie mke wa mpwa wako anavyoongea kwa adabu, nikatumbukiza simu. Binti akaanza vizuri, shikamoo baba, umeamkaje, halafu sauti ikabadilika. Akasema mume wake ameachishwa kazi na hajamwambia mtu, kila asubuhi anavaa shati la kazini anabeba begi anatoka, anakwenda kukaa kituo cha mabasi mpaka jioni, na yeye binti anajifanya hajui ili asimvunje moyo, na sasa amechoka kujifanya. Mimi nimesimama na nyundo mkononi. Ningeweza kuitoa simu. Sikuitoa, mkono ulikataa, na pia nilidhani nikiitoa ghafla ndipo watu watajua ni jambo kubwa. Mwishoni kabisa ndipo akasema, "Baba, hili ni lako peke yako, tafadhali." Mshauri, neno la kufunga mlango amelisema wakati watu wote wameshaingia.

Mjomba aliondoka na bawaba yake bila kusubiri ipoe. Kabla ya jua kuzama ukoo mzima wa mkwe ulikuwa unajua, wakampigia mwenyewe mmoja baada ya mwingine kumpa pole. Binti akanipigia. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, mimi nilikuwa naongea na wewe. Sikujua naongea na karakana nzima." Nikamjibu mwenye kosa ni mjomba, mdomo wake hauna komeo. Akakata simu.

Tangu hapo sauti haziji. Anatuma maandishi, tena marefu, yanajaza kioo. Nadhani ameona maandishi hayasikiki na watu. Asichojua ni kwamba ujumbe wa simu alikuwa ananisomea mama yake, kwa sauti ya chini, tumekaa wawili tu, na hakuwahi kumwambia mtu. Mtoto anajua nasoma kama hakimu, ndivyo nilivyomwambia tangu mdogo. Gazeti lako nalisoma, polepole, herufi zake zimetulia zinanisubiri. Za simu ni ndogo kama mchanga, nikifika neno la tatu taa ya kioo inazima, nikigusa maandishi yanaruka kwingine, naanza upya. Kwa hiyo kila ujumbe wake nimeujibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu kinachosema sawa, ndivyo ninavyowajibu watu wote na hajalalamika mtu. Fundi cherehani ananibembeleza nimpe anisomee. Nimekataa. Nikimpa yeye si ni mkebe ule ule?

Juzi umekuja ujumbe mfupi, huo nimeusoma wote kabla taa haijazima. Umeandikwa "Baba?" Basi, hakuna kingine. Huo sikuutumia kidole. Sijaujibu mpaka leo, na kazi hazinielei, jana nimechomelea kitasa juu chini, mimi.

Nifanye nini? Kumpigia siwezi, kwenye simu napayuka kwa ajili ya masikio, mume wake atasikia yote. Kumwambia simu inanishinda kusoma, uzeeni huku, siwezi. Na msamaha sijazoea kumwomba mtoto niliyemzaa, nakuambia mapema usije ukanishauri hivyo. Nishauri kingine.

Ni mimi,
Mzee Geti

*

Mzee Geti, shikamoo.

Barua yako imenifikia ina alama ya kidole chenye kutu pembeni, na herufi zimesimama wima kama nondo. Naamini umeiandika mwenyewe. Naamini pia unampenda binti yako, maana baba asiyempenda mwanawe hatundiki sauti yake ukutani ili mtaa usikie. Ila ulimpenda kama unavyopenda geti lililokutoka vizuri, la kuonyesha wapita njia. Yeye hakuwa anausalimu mtaa. Mama yake hayupo, na kila asubuhi alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumwambia yaliyo moyoni. Mtu huyo ni wewe.

Mjomba mwache. Mdomo wake hauna komeo, sawa, lakini aliyemwambia "kaa hapo usikie" ni nani?

Hata hivyo mkebe haukuniuma kama kile kidole gumba. Mkebe ulikuwa bahati mbaya, na ukashikwa na bumbuwazi, yangeweza kumpata yeyote. Kidole unakituma kwa makusudi. Hujui binti ameuliza nini. Huenda ameomba kuja nyumbani siku mbili apumue, ukamjibu sawa, akabaki anasubiri umuulize anafika lini. Huenda ameuliza kama umemkasirikia, ukamjibu sawa. Ndiyo maana mwishowe ameandika neno moja. Anauliza kama upo.

Fundi cherehani endelea kumkatalia, hapo ulinifurahisha sana. Simu ipeleke kwa fundi simu, umwambie akuze herufi na airekebishe taa ya kioo isizime haraka. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Simama pembeni yake, ujumbe asiuguse. Ukirudi funga mlango, ukae chini usome mwenyewe, neno kwa neno, hata ikikuchukua wiki nzima. Mtu anayekata herufi kwa moto hatashindwa na herufi za kioo.

Lakini hiyo wiki asiisubiri yeye. Mjibu kwanza. Umenikataza kukushauri uombe msamaha, mzee wangu, na mimi nakushauri hicho hicho, kingine sina. Kupiga simu utapayuka, kubonyeza vile vidude vya kioo utachoka. Basi chukua chaki unayochorea chuma, tafuta bamba safi, andika kwa herufi zako zile zile za mageti: NIMEKOSA MWANANGU. HERUFI ZA SIMU ZINANISHINDA, NAJIFUNZA. NIPO. MKEBE NIMEUSHUSHA. Upige picha umtumie yeye peke yake. Na mkebe uushushe kweli kabla ya kuuandika, uutumie kuwekea misumari.

Kisha panda basi uende kwao. Mkweo usimpe pole, amepewa za kutosha. Mwambie siri yake ilitokea kwako, umtazame machoni ukimwambia. Halafu mwambie na yako. Yeye alibeba begi kila asubuhi, wewe ukatuma kidole gumba, na wote wawili mlimficha mwanamke mmoja ambaye angewapenda hivyo hivyo mlivyo. Hakuna atakayekuelewa kuliko yeye.

Nina baba mimi pia, na yeye ni mbishi. Kama angeniandikia kwa chaki juu ya chuma, ile picha nisingeifuta mpaka naingia kaburini.

Umesema gazeti hili linakusubiri. Sasa limemaliza. Liweke chini, mzee wangu, uchukue chaki.