Ndege ya Kampuni na Ndege ya Abdulatif

Machakos Mjini,
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Kwa mdogo wangu mpenzi Ramzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta u mzima wa afya, wewe na wifi yangu Faiza, na kwamba hilo goti lililokutesa wakati wa theluji limepoa. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha ya kutosha, vumbi la mjini limelala, na duka langu la sare za shule linakwenda vizuri, maana watoto wa Machakos wanarefuka kila muhula kana kwamba wanalipwa. Shemeji yako Abdulatif ni mzima. Angekusalimu lau angejua kwamba nakuandikia.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono siku hizi za simu. Sababu ni kwamba kila ninapokupigia, Abdulatif hukaa ubavuni mwangu, huweka sauti ya juu, kisha hujibu maswali yako na yangu. Juma lililopita uliniuliza mbona katika picha za siku mbili za mwanzo za ile safari ya meli niko peke yangu. Kabla sijafungua mdomo, yeye akadakia kwamba bahari ilimchafua tumbo akawa amelala chumbani. Uongo mtupu, Ramzi. Siku mbili zile mume wangu hakuwa chumbani, wala hakuwa melini. Wewe ndiye uliyetutunuku safari ile kwa kutimiza miaka thelathini ya ndoa, na roho yangu haitulii mpaka uujue ukweli. Binti yako Nuha anarudi huko Alhamisi, kwa hiyo ataileta barua hii pamoja na leso za mama yake.

Nianze mwanzo. Wewe ulilipia kila kitu: meli ya siku saba kutoka Dubai, na ndege za kampuni hiyo hiyo ya meli za kutufikisha Dubai na kuturudisha. Halafu, kwa wema wako, ukaongeza kwamba tukipenda tunaweza kuziacha ndege zao kabla ya mwisho wa mwezi, tukarudishiwa fedha na kukata tiketi zetu wenyewe. Hapo ndipo ulipotutia matatani, mdogo wangu. Neno "mkipenda" haliletwi katika nyumba ya Abdulatif.

Unamjua shemeji yako alivyo. Maisha yake yote hajapata kuamini vitu viwili vinavyouzwa pamoja. Akikuta sabuni imefungwa na kikombe cha bure kwa gundi ya karatasi, hukibandua kikombe palepale dukani, akauliza sabuni bila kikombe ni bei gani. Sofa zetu za sebuleni alizinunua bila mito, akisema mito ndipo wanapomwibia mtu. Basi aliposikia kwamba watu wa meli wanauza na ndege, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kutapeliwa. Dubai amekwenda mara nne kununua spea za magari, akasema, na hakuna nahodha atakayemfundisha njia ya kwenda Dubai.

Akaanza kuichambua tiketi ya kampuni. Inatupitisha Addis Ababa na kutuketisha kiwanjani saa sita, wakati ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi ipo. Inaondoka Alhamisi kwa meli ya Ijumaa jioni, siku nzima ya bure. Na zaidi ya yote, viti wanachagua wao: mimi walinipa safu ya kumi na nne, yeye ya thelathini na moja. Akaniuliza ni sherehe gani ya ndoa ambayo mume na mke wanahitaji kupigiana simu ndani ya ndege moja.

Hoja yangu ilikuwa moja tu. Nilisoma maandishi yale madogo kwa miwani miwili. Ukienda na ndege ya kampuni ikachelewa, shida ni yao: watakungojea, au watakupeleka kwa gharama yao bandari ya mbele uikute meli. Ukienda na ndege uliyoikata mwenyewe ukachelewa, wanakupungia mkono. Niliporudia maneno hayo kwa mara ya kumi, Abdulatif akanijibu kwamba yeye hachelewi. Ramzi, mtu huyu alichelewa nikahi yake mwenyewe. Wewe ulikuwepo, na wali ulikuwa umeshapoa.

Kwa muda wa wiki tatu mji mzima ukaingia katika shauri letu. Wateja walikuja kupima kaptura za watoto, wakaondoka wameshachagua upande. Barazani pa msikiti, Duale, yule mfanyabiashara wa mifugo, ndiye aliyeongea maneno ya maana. Alisema yeye akipeleka mbuzi kwa lori lake likaharibika Konza, mbuzi wanaokufa ni wake. Mnunuzi akituma lori lake mwenyewe, hata likaanguka, mbuzi ni wa mnunuzi. Kwa hiyo mpande lori la mnunuzi, akasema. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Abdulatif akainuka, akavaa viatu, akawaambia yeye si mbuzi.

Jioni ile akaniamuru nizifute ndege za kampuni, kwa kuwa safari ilikuwa katika simu yangu. Nikafungua, nikabonyeza, na simu ikaniuliza: una hakika? Nikajiuliza hakika ningeitoa wapi. Nikaifunga simu, nikamwambia tayari. Kesho yake akaenda kwa rafiki yake Mustaf, yule mkata tiketi wa pale chini ya hoteli, akatukatia ndege ya moja kwa moja ya Ijumaa saa nne asubuhi, inayofika Dubai saa kumi jioni. Meli ilikuwa inafunga mlango saa kumi na mbili. Saa mbili zinatosha kuoga na kusinzia, akasema. Kwa hiyo tukawa na tiketi nne za ndege kwa watu wawili, na mwenye kulijua hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa nikueleze habari ya radhi. Unakumbuka kwetu mtu hafungi safari ndefu bila kuwapitia watu na kuwaomba radhi, asije akaondoka na haki ya mtu shingoni. Ni jambo jema. Lakini Abdulatif alilifanya kama anayeondoka duniani. Alianza kwa majirani, akaenda kwa ndugu, akafika kwa kinyozi, kwa fundi wa maji, na kwa mwanamke auzaye ndizi sokoni, ambaye hata hakumkumbuka. Nilimwambia tunakwenda siku saba, si Hija. Akanijibu kwamba bahari haina adabu, na akataka kujua kama ile meli ina maboya ya kutosha. Nikaona ni uchamungu tu wa utu uzima.

Alhamisi asubuhi ikabidi niseme. Nilimwandalia mahamri na mbaazi, nikangoja amalize, nikamwambia kwamba ndege za kampuni ziko hai, na saa tano tunatakiwa tutoke nyumbani. Alifuta vidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe ameishi miaka thelathini na mtu asiyemwamini kumfikisha hata Dubai. Nami nikachemka, nikamwambia namwamini kwa mambo mengi lakini si kwa saa. Neno likazaa neno. Mwisho akasema: "Basi, nenda na yako, na mimi nakwenda na yangu, tuone nani atamngoja mwenzake." Nilidhani akiniona nabeba sanduku atanyanyuka. Hakunyanyuka. Nikaondoka peke yangu, nikalia mpaka karibu na Mlolongo, halafu nikakumbuka wanja machoni, nikaacha.

Ndege ya kampuni ilikuwa vile vile alivyosema: Addis baridi, kiti kibaya, na jirani yangu mtu wa kukoroma. Lakini Dubai nilimkuta binti kasimama na kibao chenye majina yetu mawili. Aliniuliza mwenzangu yuko wapi, nikasema anakuja na ndege yake. Akadhani nimeolewa na tajiri.

Abdulatif naye, kwa jinsi alivyonisimulia baadaye, Ijumaa alitoka nyumbani mapema kuliko siku zote. Njiani akamkumbuka mtu mmoja aliyebaki: Kimanzi, mwenye gereji ya malori pale Mlolongo karibu na mizani. Miaka tisa iliyopita Abdulatif alimuuzia giaboksi ikafa ndani ya mwezi, akakataa kuirudisha, na hawakusemezana tena. Bahari na deni la namna hiyo havipatani, kwa hiyo akaingia gerejini saa kumi na mbili asubuhi kuomba radhi. Kimanzi akamwambia: "Mzee, mimi nimekusamehea, lakini hiyo lori ilikuwa ya mama. Ngoja akuje." Mama, yaani Syokau mkewe, alikuwa Kangundo. Abdulatif akangoja. Syokau alipofika akasamehe, lakini akasema mgeni wa heri haondoki na njaa, akachinja kuku. Huwezi kukataa chakula cha mtu aliyekusamehe sasa hivi, ndivyo alivyonieleza. Alipofika kiwanjani, kaunta ilikuwa imefungwa. Akabadilishiwa ndege ya jioni, ya kufika Dubai usiku, meli ikiwa imeshaondoka.

Habari hiyo ilinikuta nimeshapanda. Nikamkimbilia binti wa mapokezi. Akanieleza kwa upole kwamba bwana angekuwa na tiketi yao wangeshughulika naye, lakini sasa atajitafutia njia mwenyewe. Meli ingelala baharini siku mbili na kuingia Abu Dhabi Jumapili. Aende kwa basi, apandie huko. Nami nikitaka, naruhusiwa kushuka kabla ya saa kumi na mbili nikamngoje, tupande pamoja Jumapili. Akaniuliza nafanyaje. Saa ilikuwa kumi na moja na nusu.

Ramzi, nikafika pale kwenye ngazi na mkoba wangu. Haki ya Mungu nilifika. Na hapo simu ikalia, ni Abdulatif, akaniambia nishuke nimngoje. Watu wote mjini wanajua kwamba hapo simu ilikatika, mtandao ukapotea, nikabaki nahangaika mpaka mlango ukafungwa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia yeye, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wanawake wa madrasa.

Mtandao haukupotea. Niliikata simu mwenyewe, nikaizima, nikairudisha mkobani. Nilikuwa nimemngoja mtu yule kwa miaka thelathini, kila arusi, kila maziko, kila kituo cha basi, viatu vikiwa miguuni, nikanusa ile bahari nikasema leo simngoji. Na la aibu zaidi ni kwamba sikujuta. Nililala katikati ya kitanda. Nilikula chakula cha asubuhi mara mbili, na hakuna aliyemwuliza mhudumu nanasi bila tikiti maji ni bei gani. Nilicheka peke yangu. Usiku wa pili ndipo kile kitanda kilipoanza kuwa kikubwa mno, na nilipomwona Jumapili pale bandarini Abu Dhabi, amesimama juani na lile koti lake la safari, amewahi saa nne kabla ya meli, nililia hadharani kama mtoto. Sikumwambia neno la simu. Siku tano zilizobaki zilikuwa tamu kuliko fungate yetu.

Nisamehe, mdogo wangu, kwa zawadi yako kuigawa vipande. Siri hii iwe baina yako na mimi. Nikimwambia, najua atanisamehe, lakini itamuuma, na sitaki aumie.

Mbusie Faiza paji la uso kwa niaba yangu, na umwambie leso nyekundu ndiyo yake. Majirani wote wanawakumbuka katika dua zao, na mimi nawaombea mchana na jioni. Mungu akulinde na barafu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zaituni

*

Shemeji Ramzi, salaam. Dada yako amenipa furushi la leso nilipeleke kwa Nuha, na barua hii ilikuwa katikati, haijagundishwa. Nimeisoma barazani.

Simu nilijua ameikata. Mtandao ukipotea husikii mtu akivuta pumzi kwanza. Usimwambie kwamba najua.

Kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, na mimi nina yangu. Kimanzi alinisamehe kabla sijamaliza salamu, na Syokau alikuwepo tangu mwanzo, hakuwa Kangundo wala wapi. Kuku hakuchinjwa. Ilikuwa chai tu, nami nilikunywa vikombe sita nikitazama saa mpaka ikapita. Sijui kuogelea, shemeji. Maji mengi niliyoyazoea ni ya bwawa la Maruba, nayo huyatazama nikiwa barabarani. Mambo ya ndege ya kampuni na ndege yangu yote yalikuwa ya kutafuta namna ya kubaki nyumbani bila kusema naogopa. Nilidhani nikikosa ndege, Zaituni atashuka, turudi zetu Machakos.

Basi simu ilipokatwa nikajua hashuki. Papo hapo ile hofu ya maji ikanitoka, maana ilikuwa imeingia nyingine kubwa kuliko hiyo, nami nikawa mtu wa kwanza kwenye foleni ya ndege ya jioni.

Mwakani nataka nimpeleke Umra. Nikatie wewe huko huko, ndege na hoteli pamoja. Viti viwe safu moja.

Abdulatif