Niliwaambia Wageni Kuwa ni Kichuguu

Daudi, Mbulu
Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo, kama vile ungeitikia toka huko ulikolala. Mama yuko nje anapukuchua mahindi. Ameniuliza kama hii ni kazi ya shule, nikasema ndiyo. Mungu anisamehe. Uongo wangu wa mwaka huu umekuwa mwingi, na ndio ulionifanya nikuandikie.

Tunaendelea. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Mkoa wetu mpya umetuletea mnara wa simu, na sasa ukisimama kwenye kilima nyuma ya kanisa unapata mtandao. Baba mdogo Bura anashinda huko kutwa, akiongea kwa sauti kubwa na watu wa Arusha wanaomletea wageni. Siku hizi kila mtu ni kampuni. Baiskeli zako sita za kutembezea wageni amezipaka rangi ya chungwa. Pale njia panda amesimamisha kibao chenye sura yako, ila fundi amekuchora na meno mengi, unacheka kama mtu anayeuza dawa ya panya. Nikipita pale nageuza uso. Baba, hukuwahi kucheka hivyo.

Anavaa koti lako la mvua. Hilo ningelisamehe.

Nataka nikueleze habari ya njia yako, ile ya siku mbili, inayotoka hapa Daudi, ikapita Dongobesh, ikateremka tambarare za Hanang na kuishia Nangwa chini ya mlima. Unakumbuka ulivyonipakia nyuma nikiwa darasa la nne? Nilidhani tunakwenda kutalii. Kumbe kila mwaka kabla ya msimu wa wageni ulikuwa unaipita njia nzima bila mgeni hata mmoja, unasimama boma kwa boma, unasalimia, unauliza kama kuna aliyefiwa au mama aliyejifungua. Ukiambiwa ndiyo, unatoa daftari, unaipindisha njia ikazunguke mbali, maana kwetu nyumba ya namna hiyo haipitwi hovyo na wageni. Nilichoka, nikalia kwamba tunapoteza muda. Ukaniambia, "Barabara ni ya serikali, Anjela. Hii njia ni ya watu waliokubali tupite."

Na lile kaburi la mzee wa Kibarbaig, kule tambarare. Ukoo wake uliujenga ule udongo kwa miezi mingi, kwa mikono, mpaka ukapita kimo cha mtu. Ulikuwa ukifika pale unashuka, unavua kofia, unaikokota baiskeli mpaka ulipite. Wageni wote nyuma yako nao wanashuka, na viatu vyao vile vinavyolia kama kwato. Mjane wake, Bibi Udameda, alikuwa anasimama mlangoni kwake na kukutazama tu. Ukishapita ndipo anatuma maziwa.

Sasa sikia. Likizo ya Juni Baba mdogo alinichukua nikamtafsirie, kwa sababu Kiingereza chake kinaishia kwenye "welcome" na "very nice". Nilifurahi, sitakuficha. Nilivaa sweta la shule. Tulipofika pale kwenye kaburi sikuona mtu akishuka. Baba mdogo alilizunguka kwa baiskeli mara mbili, akapiga kengele, akasema, "Haya, hapa ndipo pa kula! Juu kuna upepo mzuri, na mlima unaonekana wote!" Wakapanda, Baba. Wakakaa juu yake wakala mayai ya kuchemsha.

Mwanamke mmoja, mzee kidogo, mwenye nywele nyeupe, alibaki chini. Akaniuliza hiki ni kitu gani. Nikamtazama Baba mdogo. Akanong'ona, huku anatafuna, "Mwambie ni kichuguu. Unataka waanze kulia hapa?"

Nikamwambia ni kichuguu. Kwa Kiingereza kizuri, chenye sentensi kamili, kama Mwalimu alivyonifundisha. Nikaongeza na habari za mchwa, nilizosoma kidato cha pili. Yule mama akatikisa kichwa, akasema ni ajabu, akapanda na yeye.

Bibi Udameda alikuwa mlangoni kwake. Aliona yote. Hakupiga kelele. Aliingia ndani.

Tangu siku ile sili yai. Shuleni wenzangu wanadhani najidai.

Niliporudi likizo hii nikasikia wana wa Bibi Udameda wameifunga njia kwa miiba, toka mtoni hadi kwenye boma. Baba mdogo anasema hao ni watu wakorofi, hawataki maendeleo. Nilimwambia Mama kila kitu, mpaka habari za mchwa. Hakunipiga. Alisukuma sahani kando, akasema, "Tafuta viatu. Tunakwenda."

Tulipanda basi hadi Katesh, tukalala kwa shangazi, asubuhi tukatembea. Mama alichuma nyasi mbichi, akanipa nizishike mkononi ili watuone toka mbali kwamba tunakuja kwa amani. Karibu na kaburi ilibidi tusimame. Palikuwa na maganda ya mayai ya msimu mzima, makaratasi ya biskuti, alama za tairi toka chini hadi juu, kana kwamba walishindana nani atafika kileleni. Upande wa nyuma mtu alijisaidia, akafunika kwa karatasi nyeupe laini. Mama aliweka upande wa kanga mdomoni. Mimi nilitapika. Nilitapika mbali, usijali, nilikimbia kwanza.

Halafu nikaanza kuokota maganda. Bibi Udameda akatoka na fimbo yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogelea.

"Wewe ni ule mtoto ya mtu wa baiskeli?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia mimi ndiye niliyewaambia wageni kuwa ni kichuguu. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimtafsiria, na alipofika kwenye neno hilo alisita, akanitazama kama anayeuliza iwapo kweli alirudie. Nikasema lirudie.

Bibi akasema, "Baba yako ilikuwa mtu. Hii ndugu yake ni kitu gani?"

Mama aliinama. Nikaendelea kuokota, ndipo Bibi akanigusa mkono kwa fimbo. "Acha. Hiyo si kazi ya mtoto. Ataokota yeye na mkono yake. Siku hiyo njia inafunguka."

Hakutaka kingine, Baba. Hakutaja ng'ombe wala kondoo. Alitupa maziwa tukanywa.

Tulipomfikishia Baba mdogo ujumbe huo alikuwa kwenye kiti chako, anapaka grisi mnyororo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Niokote maganda kwa ajili ya lundo la udongo? Shemeji, na wewe umeanza ushirikina?" Akajifuta vidole kwenye koti lako. Nilitazama vile vidole, nikajua kwamba sitakula tena sahani moja na mtu huyu mpaka afanye alichoambiwa.

Leo baada ya ibada alinifuata mlangoni mwa kanisa. Kesho anapokea wageni wanne. Anataka kuikata ile miiba kwa panga na kupita kwa nguvu, na mimi niwaambie wageni kwamba ni zizi lililoachwa. Nikasema, "Shikamoo Baba mdogo. Siendi kusema hivyo." Watu walikuwa wanatoka, akashusha sauti. "Tutaona nani atakulipia ada."

Basi tutaona. Mama amesikia, na amesema yule ndama wa ng'ombe mwekundu ni wangu, auzwe kwa ajili ya ada.

Naogopa, Baba. Lakini namkumbuka yule mama mwenye nywele nyeupe. Aliuliza kabla ya kupanda. Kama mmoja aliuliza, huenda kesho na wengine watasikia. Watu hawa wametoka mbali sana kuja kuendesha baiskeli kwenye milima yetu, na hakuna aliyewaambia wapo wapi.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa pale zinapopangwa baiskeli, kabla hawajapanda. Nitasimama mbele ya Baba mdogo na kuwaeleza kwa Kiingereza kwamba kule tambarare amelala mzee wa watu, kwamba mwezi wa sita mimi mwenyewe niliwadanganya wenzao, na kwamba njia imefungwa mpaka Baba mdogo akalisafishe kaburi hilo kwa mikono yake. Wakitaka kurudi Arusha, warudi. Wakitaka kumsubiri aokote, nitasubiri nao.

Pumzika, Baba yangu. Mama ananiita nikamsaidie kubeba magunzi.

Mwanao,
Anjela