Gauni Lako Nimepimiwa Mimi

Kwa fundi Nesta,
Nyuma ya soko,
Tunduma.

Alhamisi, 14 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Tusekile,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi dada yako Ketrina. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi ulichosema kimeisha? Unakula, au bado unadanganya tumbo kwa chai na andazi kama kipindi cha mitihani? Sisi huku tu wazima, Mungu anatutunza. Baridi ya Igamba mwaka huu imetia fora. Bibi Ruti anashinda jikoni kando ya moto, akitoka ni kwenda kanisani au kukagua vichanja vya kahawa. Asubuhi analalamika miguu, ikifika mchana anawakimbiza kuku wasikanyage kahawa, na miguu kaisahau.

Hongera sana kwa kumaliza mtihani wa mwisho. Miaka minne ya sheria si mchezo. Naiandika hongera yangu hapa juu kabisa ili usije ukasema sikukupongeza, maana huko mbele barua inabadilika rangi.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Kwenye simu ukiandikiwa jambo zito unajibu kwa kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi, halafu unatuma picha ya samaki. Hii huwezi kuijibia kikatuni. Nampa Rubeni, mtoto wa mama mkubwa, kesho anaondoka na lori la mizigo la Mwanza, na ameniapia ataiweka mkononi mwako.

Niko hapa Tunduma tangu asubuhi. Baba mdogo Osea amenituma nifuate vitenge vya sare upande wa Zambia, na nisimamie gauni la binti yake, yaani wewe. Vitenge nimepata, kijani chenye maua ya njano, vizuri kweli. Muuzaji akaniita bamayo, yaani mama, nikaona basi, nimeshazeeka na chuo sijamaliza. Gauni sasa. Kwa kuwa wewe hupo, na miili yetu imelingana tangu utotoni, fundi Nesta amenipima mimi. Mabega mimi, kiuno mimi, urefu mimi. Nimesimama katikati ya chumba chake nimenyoosha mikono, watu wanapita mlangoni wananipa hongera ya kuhitimu. Mmoja hata kanishika mkono. Nikasema asante. Ningesema nini?

Tuse, nakuonea wivu. Haya, nimeandika, limetoka. Sikuonei wivu wa kukutakia mabaya, la hasha. Lakini ni wivu, tusiupake sukari.

Unakumbuka kikao cha sebuleni kwa Bibi, mwaka ule tulipochaguliwa? Wewe sheria Mwanza, miaka minne. Mimi uuguzi Mtwara, miaka mitatu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza bahari. Baba yangu akauliza, wote wawili wakienda mbali nyumba inabaki na nani? Na Bibi akamalizia na msemo wake, fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazee wakaguna kukubali. Basi nikatafutiwa nafasi chuo cha hapa hapa Vwawa, na kila mtu akaniambia nina bahati, ugali wa nyumbani, mboga ya nyumbani, Jumapili niko kanisani kwetu. Nami nikaamini. Wewe ndiye uliyelia siku ile, ukisema wanakutupa mbali. Nilikubembeleza mimi!

Kumbe mimi ndiyo fimbo ya karibu. Nyoka yeyote akitokea, naokotwa.

Mtu wa mbali ana udhuru, Tuse, wa karibu hana. Mwaka jana mwezi huu huu tulikuwa wodini kwa mafunzo ya vitendo, kila siku unasainiwa kwamba ulikuwepo. Kahawa ikaiva yote kwa mpigo. Vibarua walikuwa wamekimbilia Saza kwenye dhahabu, mama ana mkono uliovimba. Baba akapiga simu: njoo mara moja tu, si hapo tu! Wewe unajua kahawa haina kesho. Ukichuma leo lazima ikobolewe leo, ikilala inachacha, na harufu hiyo mnunuzi anaijua hata ukiiosha na maji ya mto mzima. Nikaenda. Nikazungusha mashine mpaka viganja vikatoka malengelenge. Narudi wodini, sijakaa sawa, mzee Ambakisye jirani yetu akafariki. Nani wa kusema hatakwenda kulala msibani na mji wa marehemu unauona kutoka dirishani kwenu? Mama akaniambia usipoonekana, siku ya kwetu tutazika peke yetu. Nikaenda nikalala msibani, nikapika, nikaosha masufuria. Majina ya waliozuiwa kufanya mtihani yalipobandikwa, langu lilikuwepo. Nikarudia mwaka.

Na wewe msiba ule ulipiga simu, ukalia kidogo, watu wakasema jamani Tusekile ana upendo, hata akiwa mbali anakumbuka watu. Nilikuwa nasugua sufuria niliposikia. Nilitamani nilirushe.

Mkufunzi wetu aliniita ofisini akaniambia, Ketrina, ninyi wa hapa hapa ndio mnaokwama, wa mbali hawana pa kukimbilia. Nilimkasirikia wiki nzima. Sasa naona alisema kweli. Darasani kwetu wa Sumbawanga na wa Kigoma wamemaliza. Tuliobaki nyuma ni wa Igamba, wa Ileje, na mmoja wa Kamsamba ambaye kwao wakivuna mpunga haonekani.

Goodness, yule tuliyesoma naye sekondari, alichoka akaacha chuo mwaka wa pili. Ana mgahawa Saza, anawapikia wachimbaji, amenenepa na kavaa cheni. Alinikuta stendi akanicheka, dada, bado tu unasoma? Hata yeye nilimwonea wivu, usifikiri ni wewe peke yako. Lakini yule nilimwonea mpaka gari lilipoondoka tu. Wewe nakuonea mpaka ndotoni.

Huku wananiita nesi mtu akiugua na binti kuni zikiisha. Jumapili natoka kanisani nakuta foleni, huyu ana kidonda, huyu nimpime presha, na kipimo chenyewe sina. Jioni hiyo hiyo nikifungua kitabu, mama anauliza unasoma nini tena na ulisoma jana. Wewe ukija likizo kuku anachinjwa, na mtoto akipiga kelele anaambiwa nyamaza, dada msomi amelala. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Wewe ukija mimi siponi, naongezewa sufuria.

Najua nawe umeteseka. Bumu, ile hela ya mkopo, likichelewa ulikuwa unakunywa uji wa chumvi, na ulipougua malaria ulilala peke yako bweni tupu. Najua. Lakini malaria yako, Tuse, ukoo mzima ulifunga na kuomba! Mchungaji alilitaja jina lako madhabahuni. Mimi niliugua malaria mwezi wa tatu, nikaambiwa nesi gani anaugua, amka ukoroge chai. Unaona mtu anavyoweza kuonea wivu hata homa ya mwenzake?

Na jambo linaloniuma kuliko yote nalisema sasa. Miaka mitatu ni michache kuliko minne. Mimi nilipaswa kukutangulia. Gauni la kwanza kushonwa kwenye ukoo huu lilikuwa langu.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo barua ilipo. Sherehe ya shukrani yako wameipanga Jumamosi ya tarehe 30. Mchungaji ameshatangaza, ng'ombe amepatikana, mchele baba mdogo ameufuata mwenyewe Kamsamba. Wanawake wanaingia jikoni Alhamisi, kuchambua mchele, kusaga viungo, kukoroga togwa. Na msimamizi wa jiko ni mimi. Siyo Bibi aliyenichagua, ni wewe. Ulituma sauti kwenye kundi la familia, ukicheka, ukasema jikoni asimame dada Ketrina tu, wali wake hauna mpinzani. Wakaitikia wote. Neno lako siku hizi huku likitamkwa limepita, ni neno la mwanasheria.

Alhamisi hiyo na Ijumaa yake ni mtihani wangu wa vitendo. Watahini wanatumwa kutoka nje ya chuo, wanakaa siku mbili, wanaondoka. Hauna marudio. Mtu anayerudia mwaka akiukosa, hakuna cha sapu, ni disko, kufukuzwa chuo. Narudi nyumbani moja kwa moja kuzungusha mashine ya kahawa mpaka niolewe.

Nimemweleza baba. Akasema si hapo tu, utawaomba wakutangulize asubuhi kisha upande bodaboda uje. Nimemweleza Bibi. Akanishika kidevu kwa upendo kabisa akasema, mjukuu wangu, mtihani upo kila mwaka, Tusekile anahitimu mara moja. Nilitoka nje nikalilia kwenye vichanja, kahawa inanitazama. Hawana roho mbaya, Tuse, wananipenda. Ni kwamba tu chuo wanachokiona kutoka barabarani hawawezi kuamini kwamba ni chuo.

Basi mdogo wangu, wewe ni mwanasheria, kesi yako ya kwanza ni hii na mteja hana cha kukulipa. Jumapili ya tarehe 24, baada ya ibada, Bibi huwa amekaa na baba mdogo, piga simu hapo. Usimtumie mtu, usiandike ujumbe. Sema kwa sauti ile ile uliyonichagulia jiko. Sema jikoni asimame Pendo, mke wa kaka Ezron, wali wake haujambo akipunguziwa chumvi. Sema Ketrina asiitwe Alhamisi wala Ijumaa, hata ikiiva kahawa, hata nyumba ikiungua. Usiseme nimekuomba. Wakijua nimeomba watasema nina wivu, na watakuwa wamesema kweli, na ukweli huo utaniharibia.

Nawe usipopiga simu hiyo, mimi jikoni siingii vilevile. Nimeshaamua, nimekaa na uamuzi huu tangu Jumatatu. Nitalala bweni kwa rafiki tangu Jumatano na simu nitazima. Watakasirika, watasema nimekususia sherehe kwa husuda, na huenda hata ng'ombe wako akawa mchungu mdomoni mwao. Sitaki hivyo. Ila kati ya kuitwa mwenye husuda na kuitwa aliyeshindwa, nimechagua husuda. Hiyo angalau ninayo kweli.

Jumamosi nitakuja. Nitavaa sare ya kijani, nitapiga vigelegele kuliko wote, utanisikia. Nitakula wali wa Pendo na chumvi yake.

Baba na mama wanakusalimu. Bibi Ruti anakuuliza kila jioni, na anasema uje na dagaa wa ziwa, wakavu, wasio na mchanga. Kaka Ezron na Pendo wanakusalimu, na mtoto wao amejifunza kulitamka jina lako, langu bado, ingawa ninambeba kila siku. Wasalimie wenzako wa chumbani, hasa yule aliyekupa blanketi ulipougua. Mungu wa baba zetu akufikishe nyumbani salama, asiruhusu gurudumu kuteleza, na akutie maneno mazuri kinywani siku ya Jumapili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea wivu kwa moyo ule ule mmoja,

Ketrina.

Nyongeza: Nilishafunga barua, nimeifungua tena. Nesta ameniita nijaribu gauni. Tuse, limenikaa. Nimegeuka mbele ya kioo mara nyingi mpaka wateja wake wakacheka. Akaniuliza, nawe mahafali yako lini? Nikamjibu mwezi wa kumi na mbili, bila kigugumizi. Basi siku yako usilimwagie mchuzi, na usikalie benchi lenye msumari. Nimemwambia ashone kwa uzi mara mbili, kwa sababu litavaliwa mara mbili.