Mawe Niliyoyatoa Kwenye Udongo

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wa Kiseke wote unatiririka.

Hili sijamwambia mtu, na naomba libaki hapa: jaribio langu la shule lilikuwa la uongo.

Kabla ya mtihani wa kidato cha sita nilitengeneza mfano wa bomba la majitaka linalovuja. Beseni la plastiki linaloonyesha ndani, udongo wa mlimani kwetu, kipande cha bomba nilichotoboa kwa msumari wa moto, maji yenye wino wa bluu. Kila saa nilipima kwa rula wino ulipofika. Ulisogea polepole, ukaishia katikati. Nikapiga hesabu: kutoka bomba la majitaka linalovuja pale juu mlimani hadi kisima cha Mama Neema, jirani yetu, majitaka hayafiki.

Ila udongo niliuchekecha kwanza. Ulijaa mawe, na mimi napenda kazi safi.

Huku nyumba zetu zimekaa juu ya miamba. Bila mawe, ni kama nilipima udongo wa bustani ya mtu mwingine.

Mama Neema alikuja kuangalia. "Kwa hiyo maji yangu hayana shida?" Nikaitikia kwa kichwa tu. Mbele za watu maneno hunikauka. Akacheka. "Haya, msomi wetu ameshasema. Mkaa wa kuchemshia maji sasa nitapikia maharage."

Neema ana miaka minne. Tangu Jumamosi yuko zahanati, anaharisha, amewekewa dripu.

Jana nilirudia jaribio, safari hii na mawe yake. Wino ulifuata ubavu wa jiwe ukafika chini kabla sijaandika saa.

Leo asubuhi nimekutana na Mama Neema akienda zahanati na chupa ya uji.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tuombee."

Nikasema ndiyo. Nyuma yake binti yake mkubwa alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Nikampisha njia.

Daktari hajasema ni maji. Labda siyo. Lakini wino nimeuona.

Nimesoma tena pale juu nilipoomba libaki hapa. Hapana, lisibaki. Kama unachota maji kwenye kisima kile, chemsha, na umwambie wa nyumba ya pili.

Wa kwanza kuambiwa ni Mama Neema, na hilo siwezi kumtuma mtu. Navaa buti. Nataka nifike zahanati kabla binti yake hajachota ndoo ya jioni.