Utando Niliouanika Juani

Kabula mwanangu,

Hujambo huko uliko? Najua sitajibiwa, lakini siwezi kuanza kuongea na mtoto wangu bila kumjulia hali. Sisi wa Katoro tupo. Mwandiko ni wangu mwenyewe, wa darasa la nne, univumilie.

Kuna jambo nimelikalia tangu ulipokuwa hai.

Unaukumbuka ule utando uliokuja nao kutoka chuoni? Mweupe, mwembamba kama nailoni ya mkate. Wewe ulisema ni polima, plastiki ya kuchujia maji. Ulichota maji ya bluu kwenye beseni langu la batiki, ukayasukuma kwa pampu yapite kwenye utando, upande wa pili yakatoka safi kama ya mvua. Nilipiga kigelegele mpaka Mama Masanja akatoka bustanini, yeye ambaye mchicha wake unakunywa maji ya rangi ninayomwaga mtaroni kila siku. Ukamwambia, "Kesho njoo na wenzako waone."

Kisha ukauweka kwenye ndoo ya maji. "Mayu, huu usiuguse," uliniambia mimi mama yako. Hukusema kwa nini, nami sikuuliza.

Asubuhi ulipotoka nikaona maji ya ndoo yamechacha, na wageni wanakuja. Mwanangu, mimi kitu kikinuka nakifua. Nikaufua kwa sabuni, nikauanika kambani pamoja na vitambaa. Ulipokauka ukajikunja, mgumu kama ngozi ya mbuzi. Nikaogopa. Nikaurudisha majini upesi, nikaunyoosha kwa viganja, nikanyamaza.

Wageni walipofika, ulisukuma pampu mpaka jasho likakutoka. Hata tone halikupita. Mama Masanja akasema, "Msomi, mashine yako nayo imefunga Kwaresima?" Wakacheka wote. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo, nisije nikashtukiwa.

Ukaniambia, "Nimekosea mahali, mayu." Ningesema palepale. Nikakupakulia ugali.

Wiki ileile malaria ikakulaza. Nikajiambia nitasema ukipona. Hukupona.

Jana Neema, mwenzako wa chuo, alikuja kuchukua daftari lako. Akanisomea ulipoishia: utando umefeli, sababu sijui. Akasema basi, mchanganyiko huo uliotengenezea utando atauacha. Nikamwambia yote. Akasema utando wa namna ile ukikauka, vitundu vyake hujifunga, maji hayapiti tena.

Hukukosea popote, Kabula. Umekufa ukidhani umekosea, na mimi mama yako nilikuwa najua.

Neema atatengeneza mwingine vilevile ulivyoandika. Maji ya rangi simwagi tena mtaroni, nayaweka kwenye pipa yamsubiri.

Jumapili tukitoka kanisani nitawaita walewale waliokucheka, Mama Masanja wa kwanza. Nitasema kwa mdomo wangu: si mtoto aliyeshindwa, ni mimi niliyeharibu, na nikacheka nanyi. Naogopa. Lakini nitasema, na jina lako nitalitaja kwa sauti.

Pumzika, mama.

Ni mimi, mayu wako.